Mwaka Niliomchunguza Madam Malati

Barasa ndiye aliyeniletea habari. Ilikuwa asubuhi, niko kwenye chumba cha kukunjia mashuka pale hotelini ninapofanya kazi, simu ikatetemeka mfukoni, nikasikia sauti yake imeshuka: "Zuhura, madam ameenda. Jana, huko kwao Mumbai. Ni moyo." Sikuuliza madam gani. Nimewafanyia kazi mabibi wanne hapa Doha, lakini kati yangu na Barasa madam ni mmoja tu. Nilimaliza kukunja shuka nililokuwa nimelishika, nikakaa juu ya rundo la mataulo, nikafungua simu. Tayari picha zake zilikuwa zimejaa kila mahali. Msichana mwembamba anacheza nyuma ya nyota wa filamu. Halafu yeye mwenyewe ndiye nyota, mbele ya maporomoko ya maji. Halafu mwanamke wa makamo mwenye kidani kizito na macho ya kuchoma, yule ambaye mtaa wetu mzima Tanga ulimchukia. Mtangazaji mmoja alisimulia kazi yake tangu utoto, na alipofika kwenye miaka ya Doha alisema tu kwamba alipumzika Ghuba na mumewe kabla ya kurudi kwenye televisheni. Alipumzika! Mimi niliishi nyumba ile. Mwaka ule hakuna aliyepumzika, na kama yupo aliyelala usingizi wa raha basi si mimi wala si yeye.

Niseme ukweli, nilikwisha kumchukia kabla sijamwona. Nyumbani Tanga tulikuwa tunajazana sebuleni kwa jirani kuangalia tamthilia yake iliyotiwa Kiswahili. Alikuwa mke wa kaka mkubwa, yule anayesikiliza milangoni, anayebadilisha barua, anayemtilia mke mdogo kitu kwenye maziwa huku anatabasamu. Tulikuwa tunamtukana kwenye kioo kama vile anasikia. Kwa hiyo siku wakala aliponipeleka kwenye ghorofa la kumi na nne kule Pearl, kisiwa cha matajiri, mlango ukafunguliwa na mwanamke mwenye macho yale yale, nilirudi nyuma hatua moja. Akasema karibu, kwa Kiingereza, kwa sauti nene yenye mikwaruzo. Hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi. Sauti niliyoizoea ilikuwa nyororo, ya dada mmoja wa Kiswahili aliyemwingizia maneno. Kumsikia anasema kwa sauti nyingine kulinifanya nihisi kwamba hata sauti anaweza kubadilisha akitaka. Leo najicheka. Wakati ule sikucheka. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, ndiyo mara yangu ya kwanza kutoka nje ya nchi, na niliamini kwamba mtu anayeweza kuigiza uovu vizuri kiasi kile lazima awe na akiba yake.

Nyumba ilikuwa na watu watatu. Madam Malati, mumewe ambaye sote tulimwita Sir, mtu wa biashara ya vifaa vya ujenzi, na dada yake Sir, mjane, ambaye kwa lugha ya kwao aliitwa Didi, yaani dada mkubwa, nasi tukamwita hivyo hivyo. Didi ndiye aliyekuwa na funguo za makabati. Kila asubuhi saa nne alikaa kwenye roshani inayotazama maegesho ya boti za matajiri, nami nikampelekea chai ya tangawizi na biskuti mbili. Wiki ya kwanza tu aliniambia nifunge mlango wa kioo nyuma yangu. "Zora," akasema, kwa sababu Zuhura lilimshinda, "mke wa mdogo wangu ni mwigizaji. Unaelewa maana yake? Maana yake kazi yake ni kufanya watu waamini kitu ambacho hakipo. Alipoolewa aliahidi mambo ya kamera na kucheza mbele ya watu yamekwisha. Wewe una macho. Ukiona kitu kinachotoka nyumba hii au kinachoingia, mimi ndiye wa kuambiwa." Nikasema ndiyo, Didi. Sikuona kama nimefanya jambo. Niliona nimepewa heshima.

Tangu siku ile nikawa naiona nyumba kama nilivyokuwa naiona ile tamthilia. Chumba kidogo cha stoo, kati ya jiko na mashine ya kufulia, kilikuwa na ufunguo ambao madam aliubeba mwenyewe. Sir akishaondoka kazini na Didi akishaingia kwenye sala zake, madam alijifungia humo. Mimi nasimama na fagio. Nilisikia vishindo, kimoja, viwili, vitatu, kama mtu anayekanyaga kitu kisichotaka kufa. Nilisikia anahesabu kwa lugha nisiyoijua. Na siku moja nilisikia anasema na mtu, analia, ananyamaza, halafu anasema tena maneno yale yale kwa mkazo mwingine, na ndani yake nikalikamata neno moja ambalo kila aliyekulia kwenye filamu za Kihindi analijua: zeher. Sumu. Alilisema mara sita. Jioni ile alipika mwenyewe tambi za maziwa, zimejaa zabibu na korosho, akanibakishia bakuli. Nilisubiri ageuke, nikazimwaga zote kwenye sinki na kufungulia maji. Kesho yake akaniuliza, akilikata jina langu kama kawaida yake, "Zuhra, zilikuwa tamu sana?" Nikamwambia zilikuwa nzuri, madam, ahsante. Akaniangalia kidogo. Zabibu tatu zilikuwa zimenasa kwenye chujio la sinki, nami nikaziona baada ya yeye kuondoka.

Na bado alikuwa ananisimulia maisha yake. Goti lake la kulia lilikuwa bovu, na asubuhi nyingine alikaa kwenye kiti cha jikoni, akaupandisha mguu juu ya stuli, nami nikamsugua kwa mafuta ya ufuta. Alianza kucheza akiwa na miaka sita, kwa mwalimu wa kike aliyegonga ubao kwa kijiti na asiyesifu mtu. Miaka kumi, akasema, hakuwahi kusikia neno zuri. Alipokwenda kwenye filamu akawekwa mstari wa nyuma, msichana wa tano kutoka kushoto, mpaka siku mchezaji wa mbele alipoteguka mguu naye akasukumwa mbele kwa sababu alikuwa amekariri hatua za kila mtu. Akapata miaka ya kuwa nyota. "Halafu nikafika thelathini na tatu," alisema, "mwongozaji mmoja akaniambia, Malati, macho yako yamekuwa makali, hatuwezi kukupa mapenzi tena, tutakupa chuki. Nikachukua chuki. Watu walinipiga mawe ya maneno sokoni. Mama mmoja alinitemea mate kwenye kiti cha ndege." Mimi nasugua goti, nasema pole madam, na moyoni najiuliza: kwa nini ananiambia haya? Anataka nini? Nilikuwa nimeshafikia mahali ambapo hata akilia ningevitazama vidole vyake nione kama vinatetemeka kweli.

Kulikuwa na Jumanne. Kila Jumanne alasiri madam alikwenda kwenye mazoezi ya goti hospitalini, ndivyo alivyomwambia Sir, na Barasa alimwendesha. Barasa alikuwa Mkenya wa Bungoma, dereva wa nyumba, kijana mpole anayependa kunyoosha mashati yake mwenyewe. Tulikula pamoja jikoni mchana, mimi na yeye, wali wao uliobaki na dengu zilizoungwa kwa mvuje, tukisema Kiswahili chetu cha namna mbili. Nikamuuliza hospitali gani. Akasema iko kule Wukair, nje ya mji. Nikamwambia Wukair sijasikia hospitali ya magoti. "Dada," akasema, bila kuacha kula, "mimi hushika usukani. Madam akisema twende, naenda. Akisema ngoja, nangoja. Mambo yake siyabebi nikishuka kwa gari. Na wewe wachana nayo, utajichoma." Jibu lile lingemtosha mtu mwingine. Mimi lilinithibitishia kwamba lipo la kuficha na yeye yumo ndani yake.

Halafu likaja taulo. Jumatano moja nilitoa nguo za madam kwenye kikapu, nikakuta vazi la pamba limelowa jasho likakaukia, si vazi la mtu aliyelala kitandani akinyooshwa goti, na chini yake taulo dogo jeupe lenye madoa mekundu. Mimi ni mtu wa pwani, hina naijua. Hii haikuwa hina. Ilikuwa nyekundu, ya majimaji, imeingia mpaka kwenye nyuzi. Nikaona damu. Nililoweka, nikasugua, madoa hayakutoka, na kadiri yalivyokataa ndivyo nilivyokuwa na hakika. Nilikaa na jambo lile siku tatu. Jumapili, nikipeleka chai roshani, nikafunga mlango wa kioo bila kuambiwa, nikamwambia Didi yote: stoo, vishindo, sumu, Wukair, taulo. Didi alinisikiliza akivunja biskuti vipande vidogo bila kula. Mwisho akaniuliza, "Kuna mwanamume?" Nikasema sijui. "Jumanne hii mimi na mdogo wangu tutalifuata gari, tutajua," akasema.

Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Lazima niliandike hilo. Sikuona aibu, sikuona woga. Nilijiona mtu mwenye maana.

Jumanne, saa nane na nusu, madam akaja jikoni amebeba mfuko. "Vua aproni, Zuhra. Leo utakuja na mimi. Binti anayenisaidia ana mtihani, sina mtu wa kunifunga." Sikuelewa kunifunga ni kitu gani, nikavua aproni. Barasa aliponiona naingia kwenye gari alinitazama kwenye kioo, akainua nyusi, akawasha gari. Tulipita barabara ya Wakra, tukakata kuingia ndani, kwenye majumba mapya ya rangi ya mchanga yanayofanana yote, tukasimama mbele ya moja lililogawanywa kwa wapangaji. Chumba cha chini kilikuwa cha familia ya nesi mmoja wa Kihindi. Kochi lilikuwa limesukumwa ukutani, zulia limekunjwa, na wasichana wanane, wengine bado na soksi za shule, walikuwa wamejipanga wanangoja. Pembeni, juu ya mkeka, alikaa mzee mwenye miwani minene na ngoma ya pande mbili mapajani. Alikuwa fundi wa viyoyozi aliyestaafu. Wasichana walimwita babu. Huyo ndiye aliyekuwa mwanamume.

Madam akafungua mfuko. Akatoa njuga, akatoa kichupa cha rangi nyekundu, akainama akajipaka pembeni mwa nyayo na kwenye ncha za vidole kama wanavyojipaka wachezaji wao. Tone moja lilidondoka, akalifuta kwa taulo. Nilisimama nikilitazama lile taulo. "Njoo unifunge," akasema, akanipa njuga. Nikapiga magoti mbele ya miguu yake, nikaanza kuzungusha kamba. Huku nikifunga alinieleza, kwa furaha niliyokuwa sijaiona usoni mwake, kwamba kuna watu Mumbai wanamtaka kwa tamthilia mpya, awe mama, mama mwema safari hii, anayekuta glasi ya mwanawe imetiwa sumu. Alikuwa anafanya mazoezi ya maneno hayo stoo, Didi asisikie. Leo atacheza kidogo, atasema yale maneno, binti wa nesi atamrekodi kwa simu na kutuma. "Miezi saba nimejificha kama mwizi," akasema. "Mara hii tu, halafu nitamwambia mume wangu mwenyewe."

Nilijua kwamba Sir na Didi wako njiani. Nilijua, na nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema madam, vua, turudi. Ningeweza kutoka nje nikamwambia Barasa awashe gari. Nilifungua kinywa, nikasema, "Madam," naye akasema, "Kaza kidogo zaidi, ya kushoto imelegea." Nikakaza. Nikisema, nitaulizwa nimejuaje. Hilo tu ndilo lililonifunga mdomo, wala si lingine, na nimejaribu miaka yote kutafuta sababu nzuri zaidi ya hiyo nikakosa.

Akacheza. Sina maneno ya wajuzi. Naweza kusema tu kwamba mwanamke yule wa miaka arobaini na sita, niliyemsugua goti asubuhi ile, alishuka chini nusu kukaa, mgongo umenyooka, akaanza kupiga sakafu kwa nyayo, na vile vishindo nilivyovisikia mlangoni vikapata mwili. Macho yale makali yakawa ya mtoto wa hadithi zao anayeiba siagi, yakawa ya mama anayemkamata, yakawa ya mtoto tena. Wasichana walisahau kufunga midomo. Ndipo mlango ukafunguliwa, Sir akaingia na Didi nyuma yake. Madam aliwaona. Hakusimama. Mzee wa ngoma alimtazama aone kama aache, yeye akatikisa kichwa, akaendelea mpaka mwisho wa kipande, akakunja mikono kifuani, anahema.

"Kumbe goti limepona," Sir akasema.

"Halijapona. Linaniuma kila ninapocheza."

Didi akanyoosha kidole kwa mzee. "Na huyu?" Mzee akainuka taratibu, akavua miwani, akaifuta kwa shati. Hata Didi mwenyewe aliona kwamba huyo si mpenzi wa mtu. Madam akamuuliza mumewe, "Nani amekuambia?" Didi akasema, "Wenye macho." Madam akageuza uso dirishani, kule nje ambako Barasa alikuwa amesimama kando ya gari, kofia mkononi. "Barasa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyechomwa. Kisha akaniwekea mkono begani. "Huyu msimguse. Huyu hakujua kitu mpaka leo, mimi ndiye niliyemleta." Didi alinitazama juu ya bega lile, akatabasamu kidogo. Mimi nikatazama sakafu.

Barasa aliapa kwamba si yeye. Madam ndiye aliyeshikilia aondoke, Sir akatia saini tu, na kwa kuwa Sir ndiye kafili wake, mdhamini wa kibali chake, hakuwa na pa kwenda ila nyumbani. Alipewa siku nne. Nilimfungia chapati na kuku kwenye foili. Akanishukuru. Akaniambia, "Ni huyo soja wa lango pale chini, mimi namjua, alikuwa anaandika saa tunayotoka. Mungu anamwona." Nikamwambia safari njema, kaka. Didi kwenye roshani aliniambia, "Sisi tuko pamoja, Zora," nami nikajua kwamba nikifungua mdomo na yeye ataufungua wake.

Kati ya madam na Sir kulikuwa na kimya cha wiki tatu, sahani zikigongana tu. Asubuhi moja nikiwa nachoma mkate nilimsikia Sir anasema, "Miezi saba umenificha." Madam akauliza, "Ungenikubalia?" Sir akasema, "Hapana." "Basi ndiyo maana." Kikombe kikawekwa mezani. Halafu Sir akasema, polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo, "Lakini sasa nimekuona." Mwezi uliofuata alimpeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Madam alinikumbatia mlangoni, akanipa shali yake ya pamba, akaniambia nilikuwa mtu pekee katika nyumba ile ambaye hakumtilia shaka. Tamthilia ile ilipendwa. Watu waliacha kumtemea mate. Mimi mkataba ulipokwisha nilikwenda hotelini, na sikumwandikia hata mara moja, ingawa aliniachia anwani.

Barasa alirudi Doha baada ya miaka mitatu, kampuni nyingine, basi la shule. Nilikutana naye Wakra, nikamkaribisha chakula, na mimi na mume wangu, maana nilikuwa nimeshaolewa, tukawa tunakula naye kila Ijumaa akitoka kanisani. Ya huko nyuma kwao, kidogo kidogo, akanisimulia. Bungoma walisema mtu hafukuzwi Qatar bure, lazima ameiba. Wazazi wa msichana aliyekuwa amemposa walitaka waoneshwe barua inayosema kwa nini ameondolewa, na barua hakuwa nayo. Msichana akaolewa na mwingine. Alinisimulia hayo akimega ugali wangu, nami nikamwongezea mchuzi.

Ijumaa ile baada ya kifo alikuja na picha kwenye simu. Tukaziangalia, mume wangu yuko kazini. Barasa akasema, "Kinaniuma kimoja tu. Amekufa akijua ni mimi." Nikazima jiko. Nikamwambia, "Kaka, ni mimi niliyemwambia Didi." Nilisema yote, tangu siku ya tambi mpaka siku ya njuga. Sikulia, maana niliogopa angenihurumia. Aliniacha nimalize. Akauliza, "Na mbona hukusema akiwa hai?" Nikasema niliogopa. "Wewe ulinifungia kuku," akasema. Akanawa mikono, ingawa hakuwa amekula, akavaa viatu, akashuka ngazi.

Ijumaa iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Nilimweleza mume wangu yote. Ijumaa ya tatu kengele ikalia, nikafungua, Barasa amesimama na shati lake lililonyooshwa. "Nimekuja kula," akasema. "Hayo mengine bado sijamaliza kuyafikiria." Nikampisha. Tangu hapo anakuja. Anakula, anaongea na mume wangu habari za basi na za watoto wa shule. Lakini simu yangu ikilia nikaenda kuipokelea jikoni, maongezi sebuleni hukatika, na nikigeuka namkuta ameweka kijiko chini, ananitazama, anasikiliza. Sifungi mlango. Naongea kwa sauti ya kumfikia, hata kama ni mambo ya mashuka, mpaka akiokote tena kijiko chake.